Paja la Kuku kwenye Friza ya Mama Mkwe

Jambo la kwanza nililoliona kwake ni kwamba hakukaa. Chumba cha kupokelea wageni katika maabara yetu ya mifugo kina viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani, na asubuhi ile vyote vilikuwa vitupu. Yeye alisimama katikati, mkoba kifuani, viatu vyake vya mpira vikinuka dawa ya kuulia vijidudu, akiukodolea macho mlango wa ofisi kama mtu anayemsubiri mtoto mtukutu atoke chooni.

"Karibu ukae, mama," nilimwambia.

"Nikikaa nitapoa," akajibu. "Sijaja hapa kupoa."

Mtaani kwao anaitwa Kiberiti. Jina hilo alipewa na mumewe, fundi cherehani, enzi za uchumba wao. Majirani walilichukua jina, mapenzi wakayaacha. Alikuwa mfugaji wa kuku wa mayai. Nasema alikuwa, kwa sababu siku ile hakubakiwa na kuku hata mmoja. Maafisa wa mifugo wenye ovaroli nyeupe walikuja wakawaangamiza wale ambao homa ya ndege ilikuwa haijawaua, wakachimba shimo nyuma ya banda, wakafukia na kumwaga chokaa. Hawakuishia kwake. Walipita nyumba kwa nyumba mpaka mtaa mzima ukawa kimya, hakuna jogoo wa kuwika wala kuku wa kupiga kelele kwamba ametaga.

Na mtaa huo ulikwisha kukubaliana nani wa kulaumiwa.

Ili hasira yake ieleweke, lazima kwanza niieleze sheria ya kitambaa. Kikundi cha wafugaji wa pale kina matenga ya pamoja ya kubebea kuku kwenda sokoni. Matenga hayo huzunguka nyumba hadi nyumba, na ugonjwa unaweza kuzunguka nayo. Kwa hiyo walikubaliana kwamba mtu akiona dalili za ugonjwa bandani mwake, atundike kitambaa chekundu getini, ili matenga yampite. Ni sheria nzuri. Udhaifu wake ni kwamba inamtegemea mtu awe mkweli, na mkweli huonekana na kila mpita njia.

Kiberiti alitundika. Kuku wake walianza na mafua. Macho yalivimba, walikoroma usiku, mayai yakapungua na mengine yakawa na ganda laini kama karatasi. Hakufa hata mmoja. Alitundika kitambaa siku hiyohiyo, akaja kwetu, sampuli zikachukuliwa, na mtu wa zamu akamwambia, "Mafua tu hayo, mama. Watapona." Kweli wakapona. Akakiondoa kitambaa. Majuma machache baadaye wakaanza kuanguka wakiwa wanakula. Upanga wa kichwani uligeuka zambarau, miguu ikawa na madoa ya damu chini ya ngozi. Akatundika tena, lakini safari hii banda lilikwisha kabla kitambaa hakijafifia. Kisha zikafuata nyumba za jirani.

Kwenye mkutano wa kikundi, mwenyekiti alisimama akauliza, "Kitambaa cha kwanza kilitundikwa kwa nani?" Kila mtu alijua. "Basi ugonjwa umetoka kwa nani?"

Hapo ndipo walipokosea, na ni watu wenye sheria kama ile tu ndio wangeweza kukosea hivyo. Walihesabu vitambaa wakasahau kuhesabu kuku; aliyeficha wagonjwa hakuwa na kitambaa cha kuhesabiwa.

Mwenyekiti mwenyewe ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mwenye mabanda makubwa kuliko yote mtaani. Getini kwake hakijawahi kuonekana kitambaa. Alipendekeza Kiberiti aondolewe kikundini. Vifaranga wapya huletwa na kikundi peke yake, kwa hiyo kuondolewa maana yake ni kutofuga tena. Mwanamke huyu alianza kufuga akiwa msichana, na kuku kilema ambaye mama yake alitaka kumchinja. Hajui kazi nyingine, na hataki kuijua.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," aliniambia asubuhi ile. "Zile sampuli zangu za kwanza, za mafua, zilisema nini?"

Nikaenda kutazama. Zilikuwa kwenye friza, zimeandikwa vizuri, hazijaguswa. Kemikali za kupimia zilikwisha wakati ule, na barua ya kuagiza nyingine ililala mezani kwa mtu. Sikujua nimwambieje. Daktari, mkuu wetu, mama mtaratibu asiyependa kelele, alitoka ofisini akamwambia mwenyewe.

"Kwa hiyo mlikuwa mnasubiri wafe kwanza?" Kiberiti aliuliza.

"Mama, tunakuomba radhi."

"Radhi haitagi mayai, Daktari."

Daktari hakujitetea. Alisema kemikali mpya zimefika, zile sampuli zitapimwa, na mimi ndiye nitakayeishughulikia kazi hiyo. Nilikuwa na miezi michache tu tangu nimalize chuo. Nilijiona nimepewa dunia. Kisha nikamtazama yule mama, nikaona dunia yenyewe imekasirika.

Tulitoka nje. Alitaka kujua kitu kilekile ambacho mimi nilikisoma kwa miaka na bado kinanishangaza. Inakuwaje ugonjwa mmoja uwape kuku mafua leo, na kesho uwaue wote?

Kwa kuwa mumewe ni fundi, nilianzia hapo. Nilimwambia kwamba juu ya kirusi kuna protini inayokifungulia njia ya kuingia kwenye chembe hai za kuku. Lakini protini hiyo hutoka kiwandani imeshonwa, kama mfuko wa koti jipya. Mpaka mshono ukatwe, haifanyi kazi. Kirusi hakina mkasi. Kinategemea mkasi wa kuku mwenyewe, yaani vimeng'enya vyake. Kirusi kipole kina mshono unaokatwa na mkasi unaopatikana kwenye koo, mapafu na utumbo tu. Ndiyo maana kinaishia huko, na kuku anapata mafua, anapunguza mayai, anapona.

"Na hiki cha pili?"

"Hiki cha pili kimeongezewa shanga chache pale kwenye mshono. Ni vipande vya protini, vinaitwa arjinini na laisini. Zikishakuwa nyingi, mshono unakatika kwa mkasi mwingine, ambao kila chembe ya mwili wa kuku inao. Moyo unao, ubongo unao, ini linao."

"Kwa hiyo kinaingia popote."

"Popote, mama. Hadi kwenye nyama. Hadi kwenye paja."

"Shanga hizo anazitia nani?"

"Hakuna anayezitia. Kirusi hujinakili mbiombio, na wakati mwingine hushikwa na kigugumizi. Kinarudia herufi zilezile za maandishi yake ya urithi mara mbili tatu, na shanga zinaongezeka. Mara nyingi hapo kinaharibika. Siku moja kinapatia."

"Kinapata wapi nafasi ya kushikwa na kigugumizi?"

Nilijibu kama ninavyojibu mtihani, bila kufikiri ninamjibu nani. "Penye kuku wengi. Hasa ikiwa kipole kinaendelea kuzunguka na kila mara kinaletewa kuku wageni ambao hawajaugua."

Uso wake ulibadilika. Alitazama viatu vyake vya mpira.

"Wale walipopona," alisema polepole, "niliwaingizia mitetea wapya. Banda lilelile. Niliona waliopona wamepona."

Wafugaji wengi hufanya hivyo. Kuku akichangamka na kula, mtu huona shari imeondoka, kumbe huenda bado inatoka kwenye kinyesi chake kimyakimya. Nilianza kumwambia kwamba hilo halithibitishi chochote, kwamba...

"Usinibembeleze, msomi. Inaweza kuwa mimi?"

"Inaweza."

Nilidhani hasira itamtoka. Ilizidi. "Basi kama ni mimi, nitasimama mbele yao niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu. Lakini sitasema kwa sababu ya kitambaa! Nilitundika kwa sababu ndiyo sheria. Mtu anisulubu kwa kuku wangu, asinisulubu kwa ukweli wangu." Akapumua. Kisha akageuka ghafla. "Umesema hadi kwenye paja?"

"Ndiyo."

"Hicho kipole hakifiki pajani?"

"Kwa kawaida hakifiki."

"Twende kwa mume wangu."

Njiani alinieleza. Wakati kuku wake wamepona na kabla hawajaanza kufa, shemeji yake alichinja kuku wengi kwa mkupuo, akisema wamechoka kutaga. Aligawia ndugu. Watu walimsifu kwa ukarimu. Kwake hakuleta, kwa sababu yeye ana kuku wake. Lakini kwa mama yao, anayeishi kwenye ua wa huyo huyo shemeji, alipeleka kadhaa. Bibi yule hali kuku wote kwa siku moja.

Fundi cherehani tulimkuta dukani mwake, chumba chembamba chenye harufu ya mafuta ya mashine na vitambaa vipya. Alikuwa anashona sare za shule.

"Baba watoto," Kiberiti alisema, bado yuko mlangoni. "Siku kaka yako alipochinja kuku, ulikwenda kumsaidia kunyonyoa. Walikuwaje?"

Fundi alikanyaga pedali. Cherehani ikapiga kelele mpaka mwisho wa mshono.

"Nimekuuliza."

Akakanyaga tena, na sindano ikapita pasipo kitambaa.

"Sawa," Kiberiti akasema. "Nimesikia." Akaniambia, "Twende, mwanangu. Huyu ameshajibu."

Mama mkwe ni kikongwe mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alitukaribisha jikoni, akasikiliza bila kukatiza, kisha akashika shavu.

"Mungu wangu! Na sisi tuliokula supu je?"

"Ulichemsha vizuri, bibi?" nikamuuliza.

"Nilichemsha mpaka mifupa ikaachana."

"Basi usiwe na wasiwasi. Moto unakiua. Aliyenyonyoa na kukatakata ndiye aliyekuwa karibu na hatari, na siku zake zimeshapita."

"Aliyekatakata ni mimi. Naona bado napumua." Akacheka, kisha akaacha. "Amebaki mmoja. Yuko chini kabisa, chini ya samaki."

Nilikuwa nimeshavaa barakoa na glavu, nimefungua sanduku la barafu, mlango wa ua uliposukumwa. Shemeji aliingia na funguo za gari zikining'inia kidoleni. Hakunisalimu.

"Shemeji, siku hizi unapekua friza za watu?"

"Nipo jikoni kwa mama, shemeji. Wewe ndiye uliyeingia bila hodi."

"Huyu ni mama yangu."

"Na wa mume wangu. Au huyo ulimwokota?"

"Mtaa mzima umeteketea kwa ajili yako, na bado una mdomo!"

"Mdomo ninao. Kitambaa nilikuwa nacho. Wewe chako kiko wapi? Ulikosa nguo nyekundu nyumbani? Ungeniambia, mume wangu ni fundi, angekukatia!"

"Kuku wangu hawakuwa wagonjwa. Walichoka kutaga."

"Wote? Siku moja? Walikaa kikao?"

Nilitaka kucheka, lakini shemeji alinigeukia. Aliniambia nina umri wa mtoto wake wa mwisho, kwamba maabara yetu ndiyo iliyolala na sampuli, na kwamba nikitoa kitu kwenye nyumba ile bila ruhusa atanipeleka mbali. Juu ya sampuli alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu anaweza kuubeba ukweli mdogo mkononi ili kuficha mkubwa nyuma ya mgongo.

"Nyamazeni," mama mkwe akasema. Wakanyamaza wote wawili, watu wazima wenye watoto wakubwa. Akaniuliza, "Wewe mtoto. Hiyo mashine yenu, kama ni huyu binti aliyeleta ugonjwa, itasema?"

"Itasema, bibi."

"Na kama ni mwanangu?"

"Itasema vilevile."

Aliinama mwenyewe, akasogeza samaki, akamtoa kuku aliyeganda kama jiwe, yuko kwenye mfuko mweupe. Akamtia ndani ya sanduku langu.

"Mama, unanitoa mimi?" shemeji akauliza. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

"Natoa kuku. Kama wewe umo ndani yake, utajua mwenyewe."

Maabarani Daktari alifanya kazi kwa utaratibu unaoweza kumtia mtu wazimu. Alikataa kugusa ngozi ya kuku yule. Alisema ngozi huokota vitu kwenye kisu, kwenye maji ya kunyonyolea, kwenye mikono, na shemeji akiwa na akili atalisema hilo. Alikata paja, akaondoa sehemu ya nje yote, akabadilisha kisu, akachukua kipande kidogo kilicho karibu na mfupa. Kisha tukaandaa sampuli tatu: ile ya mafua iliyolala kwenye friza yetu, ile ya kuku wa Kiberiti waliokufa, na hiyo ya paja. Mashine itazisoma herufi kwa herufi. Tutaona pajani kuna kirusi au hakuna. Kama kipo, tutaona mshono wake una shanga ngapi. Na kwa makosa madogomadogo ya kunakili yaliyotapakaa kwingineko, tutajua nani ni mzazi wa nani.

Nilimpigia Kiberiti simu kumweleza. Akauliza swali ambalo nilitarajia asiliulize.

"Na kama shanga zimeanzia kwa shemeji, lakini kirusi chenyewe ni mtoto wa mafua yangu?"

"Basi mtatajwa wote wawili, mama."

"Sawa. Wawili siyo mmoja."

Habari zilienea. Wanakikundi waligawanyika, na wengi wakasema Kiberiti asiondolewe mpaka maabara iseme. Mkutano ukapangwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule, na Daktari akakubali kwenda kuyasoma majibu mwenyewe. Shemeji alikuja getini kwetu akitaka kuonana naye faraghani. Daktari alimtuma mlinzi na ujumbe kwamba faragha yote ataipata Jumamosi, mbele ya watu.

Jana fundi cherehani naye alikuja. Sikumtarajia. Alisimama mbele ya meza yangu akizungusha kofia mikononi.

"Nilinyonyoa kuku wale," alisema. "Wawili niliwapokea wakiwa baridi. Kuku aliyechinjwa sasa hivi hawi baridi. Upanga wao ulikuwa na rangi mbaya. Kaka akaniambia nimezoea kushona, kuku siwajui. Nikatoka pale nikaenda kuwapa chakula kuku wa mke wangu, na viatu vilevile."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia juzi."

"Akasemaje?"

"Hajasema. Hasemi nami. Lakini shati langu la Jumamosi amelipiga pasi." Akajaribu kutabasamu. "Kwa hiyo nitakwenda, na nitayasema hayo, hata mashine ikisema vingine."

Nilipomsimulia Daktari, alitikisa kichwa. Akasema neno la ndugu dhidi ya ndugu watu hulikata vipande wanavyotaka, na kuku baridi anaweza kuwa amekufa kwa mengi. Bado tunahitaji herufi. Alinikataza kubashiri, mbele yake na mbele ya mtu mwingine yeyote. Nami sibashiri. Lakini nimekasirika, na sioni aibu kusema hivyo. Nimekasirishwa na barua iliyolala mezani kwetu, na mtu wa zamu aliyesema mafua tu. Zaidi ya yote nimekasirishwa na mkutano wa watu wazima uliomwona mmoja wao akifanya lililo sawa hadharani, ukamchagua huyohuyo wa kulaumiwa.

Leo ni Ijumaa. Mashine imekuwa ikifanya kazi tangu jana jioni, na Daktari amesema kabla ya saa sita mchana itakuwa imemaliza. Simu yangu imelia mara nyingi kiasi kwamba wenzangu wameacha kuuliza ni nani.

"Imemaliza?"

"Bado, mama. Ndiyo kwanza inakaribia."

"Inasoma ya nani sasa?"

"Zote kwa pamoja."

"Iambie ianze na ya kwangu."

"Haisikii, mama."

"Mwambie Daktari basi. Nataka nijue la kwangu kwanza, kabla sijaenda kumtazama mtu usoni. Kama ni langu, nipate usiku mmoja wa kupanga maneno. Kama siyo langu... Kama siyo langu, maneno ninayo tayari."

"Nitakupigia ikimaliza."

"Hapana, usikate. Mimi sikati. Iweke hiyo simu hapo mezani, endelea na kazi zako."

Nimeiweka mezani, karibu na mashine. Namsikia anatembea huku na huko, upande ule mwingine. Daktari ametoka ofisini kwake, amevaa miwani, amesimama nyuma ya kiti changu. Kwenye kioo cha mashine mstari wa kwanza wa herufi umeanza kujitokeza.